Mikono Inatosha

Vijana walimwita Bi Mkasi, na yeye alijua. Alijifanya hajui kwa sababu jina lenyewe lilimpendeza. Alikuwa ameandika vitabu vinne na kupiga filamu sita bila mchapishaji wala bosi, akaviuza mwenyewe mlango kwa mlango, na katika jasho lote hilo alichojivunia zaidi si kile alichoandika, ni kile alichokata. Ukimpa kurasa mia atakurudishia arobaini, na ukinuna atakwambia hizo arobaini nazo bado zina mafuta. Kila Jumamosi asubuhi aliwafundisha vijana wa mjini kutengeneza filamu, bure kabisa, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, na humo pia mkasi haukulala.

Jumamosi tunayoizungumzia alikuwa ameinama nyuma ya kijana mmoja, macho kwenye kompyuta, anamwambia kwamba shangazi yake wa kwenye filamu alie kwa sekunde tatu tu, ya nne itakuwa ni kuomba rambirambi. Wenzake wakacheka. Mlango ukagongwa, na Bi Mkasi alipogeuka akamwona Dakika.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Bi Mkasi hakuzaa, kwa hiyo hakuwa na mjukuu wa kumbeba mgongoni, lakini huyu wa wahenga alikuwa ameshapanda ngazi mwenyewe, ana miaka ishirini na sita na mkoba begani.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe bado upo! Miaka sita, hata salamu?"

"Nipo, Mwalimu. Maisha tu."

Jina la Dakika alipewa humo humo darasani. Kila alipowasha kamera hakutaka kuizima, ukimwambia basi, anajibu, "Dakika moja tu, Mwalimu." Hakuwahi kutokea mwanafunzi mwenye jicho kama lile. Alitengeneza filamu moja, ikapata tuzo, halafu akaacha kuja. Hapakuwa na ugomvi wala maneno. Bi Mkasi aliwaambia watu kwamba binti amelewa sifa, na aliwaambia mara nyingi mpaka akaamini mwenyewe.

Wakatoka kwenye korido, maana ilionekana binti ana la kusema. Bi Mkasi akamtazama mikono. Vidole vilikuwa na makovu madogo madogo, kucha ya dole gumba imekufa, nyeusi tii.

"Nafanya kazi ya Baba siku hizi," Dakika akasema. "Masofa. Amepata kiharusi, Mwalimu. Mwezi wa tatu huu. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yamekwenda."

"Pole sana, mwanangu. Yamekwenda kabisa?"

"Limebaki moja, tena nusu. Anasema *ka*. Basi. Kutwa nzima, *ka*, *ka*. Anasikia kila kitu na anaelewa, ukimuuliza anatikisa kichwa ndiyo au hapana. Ila anachotaka sijui." Akavuta pumzi. "Nimempelekea kalamu, akaitupa. Nimempelekea kamba, kahawa. Kabati nimelifungua nikatoa nguo moja moja. Nikasema labda ni kaka yake, nikampigia simu huko aliko, nikamwekea Baba sikioni. Wapi! Kila nikirudi na kitu anafumba macho, halafu anaanza tena. Jirani akaniambia labda ni karanga. Nikanunua karanga, Mwalimu. Kwa mtu ambaye hawezi kutafuna."

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Bi Mkasi alitaka kumshika bega, akaona amechelewa, akaukunja mkono wake kifuani.

"Ndiyo nimekuja," Dakika akaendelea. "Unakumbuka siku ile mliporekodi naye? Alikaa na wewe saa nzima. Baba hajawahi kuongea na mtu saa nzima tangu nimjue. Na wiki nzima kabla ya hapo alikuwa ananiambia, siku hiyo nitasema jambo, uje na kamera nzuri. Mimi sikulisikia. Kwenye filamu halikuingia. Sasa nimewaza, lazima anachokitafuta kimo mle. Nipe ile kadi ya kamera, Mwalimu, au kama ulihamishia mahali pengine. Nataka nimsikie tu."

Bi Mkasi alijua jibu kabla binti hajamaliza. Darasa lilikuwa na kadi tatu kwa vijana kumi na wawili, na kila Ijumaa zilifutwa zote, safi, ili Jumamosi kila mtu aanze upya. Aliyefuta ni yeye, kwa kidole chake mwenyewe, na alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo, ambao vijana waliuandika ukutani kwa rangi ya duka la chini: kisichoingia kwenye filamu hakikutokea. Ukuta wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango ule ule. Hapo ndipo angesema, *mwanangu, niliifuta*. Maneno mawili tu, na yeye ndiye bingwa wa kufupisha.

"Ngoja nitafute," akasema. "Nipe mpaka Jumanne."

Dakika alimshukuru mara mbili. Bi Mkasi akarudi darasani, akamkuta yule kijana amekata machozi ya shangazi yamebaki sekunde mbili.

Siku ile ya kurekodi ilikuwa hivi. Filamu ya Dakika ilimhusu baba yake, fundi wa kushona na kujaza masofa, aliyemlea binti huyo peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha misumari, sponji na vitambaa. Wakafika saa nne asubuhi. Fundi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama. Amejipanga kwenye kiti chake, magoti pamoja, anamsubiri binti yake awashe kamera. Lakini Bi Mkasi alikuwa na kanuni: mtoto hamhoji mzazi wake. Mtoto akiwa chumbani, alisema, mzazi hupaka rangi, na sisi hatukuja kutazama rangi. Akachukua kamera mwenyewe, akamtuma Dakika uani. Fundi alinung'unika kitu, Bi Mkasi akamwambia atazoea, mlango ukafungwa.

Fundi alisema saa nzima. Hilo Bi Mkasi alikuwa na hakika nalo, kwa sababu betri ilibaki na mstari mmoja.

Wakati wa kuhariri alimkataza Dakika kusikiliza. Sauti imeharibika, akamwambia, kuna feni ya jirani inakoroma humo ndani, na wewe ukisikiliza utapenda kila neno kwa kuwa ni la baba yako. Zima sauti, tazama picha. Na kweli picha zilikuwa nzuri. Mikono ya fundi ikivuta uzi, ikibana sponji, ikitoa msumari mdomoni na kuupiga mara moja tu ukazama. Wakatengeneza dakika saba za mikono tu, bila uso na bila neno. Dakika aliomba uso uingie hata mwisho, dakika moja tu. Bi Mkasi akasema, "Mikono inatosha."

Siku ya kuonyesha, fundi alikaa mstari wa mbele na koti. Taa zilipowaka watu wakapiga makofi, na yeye akageuka nyuma akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mimi niko wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Bi Mkasi, na kwa miaka sita alikifanya kisa hicho kuwa mzaha wa kufungulia darasa jipya. Vijana walicheka kila mwaka. Hakuwahi kujiuliza Dakika alikuwa ameketi wapi siku ile, wala kama na yeye alicheka.

Kuanzia Jumamosi mchana mpaka Jumatatu alikaa kwenye kiti cha jikoni akijaribu kukumbuka. Alifungua madaftari ya mwaka ule yote. Akakuta: *mwanga kutoka kushoto, mzuri. Inzi kwenye kola, afukuzwe. Feni!!* Na chini yake, kwa mwandiko wa haraka: *anarefusha*. Basi. Akafumba macho akamwona fundi waziwazi, mdomo unakwenda, mkono unapanda na kushuka, jasho linamtoka kwenye kipaji cha uso. Aliikumbuka feni vizuri kabisa. Angeweza kukuigizia mlio wake. Masikio yake yalikuwa ndani ya hedifoni saa nzima, ameyatega, na alichokuwa anategea ni feni. Kuhusu yule mtu hakubaki na hata neno moja. Ilimuuma, tena ikamtia aibu ya aina ambayo mtu hawezi hata kumsimulia rafiki.

Lakini mwandishi ni mwandishi, na mazoea yana taabu. Jumatatu alasiri akavuta karatasi. Alijiambia anajaribu kuichokoza kumbukumbu tu, huenda neno moja likaja na wenzake. Likaja, na wenzake wakaja, na kwa saa mbili Bi Mkasi aliandika kama alivyokuwa hajaandika kwa miaka mitatu. Fundi akasema kwamba mkewe alipofariki, ndugu walitaka kumchukua mtoto, naye akakataa. Kwamba usiku wa kwanza alimlaza binti kwenye sofa la mteja kwa kuwa lilikuwa laini kuliko kitanda chao, na kesho yake akachelewa kulipeleka, akadanganya kwamba uzi umeisha. "Mwanangu," alisema fundi wa kwenye karatasi, "watu walinionea huruma, na mimi kamwe sikujionea."

*Kamwe* hilo alilichagua. Alipima pia *kadiri* na *kabla*, akayaacha. Alisoma kurasa zote mbili kwa sauti, na hakuona pa kukata hata nukta.

Jumanne saa tisa akafika. Chumba kilikuwa kile kile, misumari kwenye mikebe, sponji zimepangwa mpaka dari, sofa moja limevuliwa nguo linaonyesha mbavu zake za mbao. Fundi alikuwa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, amewekewa mito kulia ili asianguke. Uso ulikuwa umeshuka upande mmoja. Jicho la kushoto likamwona Bi Mkasi, likamtambua, likabaki hapo hapo juu yake.

"Shikamoo, Fundi," Bi Mkasi akasema, ingawa walilingana umri.

"*Ka*," fundi akasema.

Dakika akainuka mbio akaleta maji. Fundi akafumba macho. Akaleta kitambaa, akamfuta mdomo, akaenda kuzima jiko, akarudi na stuli ya mgeni, akakumbuka chai, akatoka tena. Hakutulia hata kwa muda wa kumeza mate. Bi Mkasi aliinua stuli akaisogeza, asijue aiweke karibu na nani.

"Kadi imeharibika," Bi Mkasi akasema, binti aliporudi. Uongo ulimtoka laini. "Lakini mimi huwa naandika. Nilikuwa nimenakili maneno yake kwenye daftari. Yote sikuyapata, ila lile la maana ninalo."

Dakika aliweka kikombe chini. "Kweli, Mwalimu?"

"Kweli."

"Baba, umesikia? Aliandika!" Akapiga goti kando ya kiti, mkono wake juu ya ule uliolala. "Soma, Mwalimu. Soma polepole."

Bi Mkasi akasoma. Alijua kusoma, miaka yote ile ya kuuza vitabu milangoni ilimfunza pa kupunguza na pa kuachia. Alipofika kwenye sofa la mteja, Dakika alijifunika uso kwa kiganja, machozi yakapita kati ya vidole. Alipofika kwenye *kamwe* akainua kichwa. "*Ka*," akasema kwa mnong'ono. "Kamwe. Ndiyo hiyo, Baba? Ulikuwa unasema kamwe?" Na Bi Mkasi, Mungu amsamehe, alifurahi. Kwa pumzi moja aliamini kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa, kwamba fundi alisema hivyo hivyo.

Fundi aliinua mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kikaenda huku, kikaenda kule, taratibu, kama anavyomkataza mteja kukalia kiti ambacho gundi haijakauka.

"Siyo hivyo?" Dakika akauliza.

Kidole kikaendelea.

"Kamwe siyo? Au yote siyo? Mama na ndugu zake? Na sofa?" Kila alichouliza kilikataliwa. Akageuka akamtazama Bi Mkasi, na uso wake ulikuwa bado umelowa. "Mwalimu. Hii umeipata wapi?"

Angeweza kutunga tena. Kichwani tayari kulikuwa na sentensi mbili zimesimama foleni. Lakini jicho lile la kushoto lilikuwa juu yake, na sentensi zikamfia mdomoni.

"Nimetunga," akasema. "Jana. Kadi haikuharibika, niliifuta Ijumaa ile ile kama nilivyofuta zote. Na alichosema sikikumbuki."

"Hukumbuki vizuri?"

"Sikumbuki kabisa."

"Ulikaa naye saa nzima, mtu na mtu."

"Nilikuwa nasikiliza feni."

Fundi alitoa sauti kooni ambayo huenda ilikuwa kicheko. Dakika hakucheka. Bi Mkasi alisubiri apigiwe kelele, na angeshukuru, kwa maana kelele ingempa mahali pa kujishikia. Binti alizungumza chini chini, kana kwamba anauliza bei ya kitu ambacho ameshaamua hatakinunua.

"Mimi ningemsikiliza. Nilisimama uani saa nzima najiuliza anasema nini. Nikasema si kitu, nitakisikia kwenye mashine. Ukaniambia zima sauti, nikazima. Kwa nini ulinitoa, Mwalimu?"

Kanuni ilikuwepo, tayari ulimini, ameshaisema kwa vijana zaidi ya mia: mtoto akiwepo mzazi hupaka rangi. Alifungua mdomo aiseme. Ndipo badala yake likamjia lile lingine. Halikuwa kati ya yale ya saa nzima. Hayo hayakurudi siku hiyo wala siku nyingine. Lilikuwa la kabla. Kamera ilikuwa bado haijawashwa, hedifoni bado ziko shingoni, masikio yake yako wazi kama ya mtu yeyote.

"Alikataa," akasema. "Ulipokuwa unatoka. Nilidhani ananung'unika tu. Alikataa usitoke."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwache akae. Hili ni lake.' Nikamwambia atazoea. Akasema tena. 'Mwache akae.'"

Mkono wa kushoto ukapiga mkono wa kiti, kofi moja zito lililotikisa misumari kwenye mkebe.

"*Ka*," fundi akasema.

Dakika alikuwa ameshaanza kuinuka, goti moja juu, macho yanatafuta maji, kitambaa, mto, chochote. Miezi mitatu ilikuwa imemfunza hivyo. Na fundi, kwa kulazimisha mpaka mshipa wa shingo ukasimama, akalivuta lile neno lake mpaka likafika mwisho.

"Kaa."

Binti akabaki nusu juu nusu chini. "Kaa?" akauliza. "Nikae?"

Fundi akatikisa kichwa ndiyo, akatikisa tena, akawa haachi.

Kumbe neno lilikuwa zima muda wote. Miezi mitatu alimwambia akae, na kila alipomwambia, aliinuka akakimbia.

Dakika alikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya sponji, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake. Hakuenda popote. Chai ilipoa. Fundi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafungua mdomo na kuanza, na wanawake wote wawili waliona kwamba anaanza, kwamba sasa mtoto amekaa na jambo lenyewe lipo na linataka kutoka. Midomo ikachezacheza. Koo likapanda na kushuka. Alijaribu mara nyingi, na kilichotoka ni *ka*, halafu pumzi, halafu hakikutoka kitu. Jambo lile lilishasemwa mara moja, kwa saa nzima, katika chumba hiki hiki, na aliyelisikia alikuwa mtu mmoja.

"Basi, Baba," Dakika akasema. "Basi. Nimekaa."

Bi Mkasi alikuwa amesimama kando ya stuli na karatasi zake mbili. Hakuna aliyemwambia akae.